Shati la Maji ya Magome

Nyumba yetu ya Moshi mjini ilinuka magome ya miwati yaliyochemshwa. Babu, mzaa baba, alikuwa fundi wa ngozi, Mpathani kutoka milima ya mpakani mwa India. Kila mwaka alichovya shati lake katika maji mekundu ya magome yaliyobaki katika pipa la kulainishia ngozi, kama walivyofanya vijana wenzake huko kwao walipoapa kumpinga Mwingereza bila kuinua mkono.

Masika moja, nikiwa darasa la nne, baba mdogo Yusufu alipigwa gongo kichwani mnadani Sanya Juu, akigombania ndama na mtu. Akafa. Aliyempiga tulimjua mpaka nyumba yake, na polisi walimwachia. Tulipotoka kuzika, baba alinoa panga. Babu akaketi kizingitini.

"Baba, nipishe."

"Nikanyage upite."

"Si kwenu ndugu akiuawa mnalipiza?"

"Ndiyo. Mimi nilikataa."

Akasimulia, macho chini. Askari wa Mwingereza waliufyatulia umati wao risasi. Safu ya mbele ikaanguka, ya pili ikasogea mahali pake, mikono mitupu. Kaka yake alikuwa safu ya mbele. Babu alipofikisha maiti ya kaka nyumbani bila kulipiza, mama yake alivua bangili akamtupia: "Vaa wewe, maana sikuzaa mwanamume." Hakumpikia tena mpaka babu alipoondoka kuja Afrika.

"Yule alikuwa mkoloni," baba alisema. "Huyu ni mlevi tu wa mnadani!"

"Sikumwapia Mwingereza. Nilimwapia Mungu."

Baba akamgeukia bibi, Mchagga wa Kibosho, aliyekuwa amejifunika kanga ya msiba. Marehemu alikuwa kitinda mimba wake. Nilidhani atamruhusu.

"Keti, mwanangu," alisema. "Nimebaki na wewe tu."

Baba aliketi. Lakini hakula tena sinia moja na babu mpaka tulipomzika mzee.

Siku hizi wajukuu zangu huniuliza kama babu yangu alikuwa mwoga. Wameona kwenye simu watu wakichomwa moto kwa kuiba kuku, nao wanacheka. Ninachojua ni kwamba baba alikuwepo kuniozesha, hakuwa gerezani. Yule mtu wa Sanya Juu naye aliwaozesha wanawe. Binti za Yusufu waliozeshwa na mjomba wao.