Ngozi Kati ya Vioo Viwili

Mama mkwe wangu alianza kuosha vioo kwenye karakana ya vioo mume wangu akiwa bado anatambaa. Vidole vyake vimebaki na mikunjo ya maji hata siku za mapumziko. Mwaka huu wakampandisha, wakampeleka chumba cha ngozi. Ngozi ndivyo wanavyoiita karatasi laini ya plastiki inayolazwa katikati ya vioo viwili, kisha vyote vinaokwa na kubanwa mpaka vinakuwa kitu kimoja. Kioo cha namna hiyo kikipigwa hupasuka, ila vipande hung'ang'ania ngozi, havimrukii mtu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa madirisha ya shule ya chekechea. Kabla hayajapokelewa, kioo kimoja hulazwa kwenye fremu na tufe la chuma huangushwa juu yake. Tufe likipenya, anarudi kwenye ndoo ya kuoshea vioo. Msimamizi alimwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Siku ya kupima nilimpelekea chakula, mtoto mgongoni, nikasimama mlangoni karibu na mlinzi. Tufe likaachiwa. Likapenya, likagonga sakafu, na chenga zikalifuata. Mwosha vioo mmoja wanayemwita Domo akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba ndoo ya bibi bado ipo, hakuna aliyeigusa. Watu wakacheka.  Mama akainama, akaokota kipande, akajaribu kubandua kioo kwenye ngozi. Hakikutoka.

"Kimeshika mno," akamwambia msimamizi. "Kosa ni langu."

Jioni alinishikia mtoto nikianika nguo, akanieleza. Alijua ni vioo vya watoto, akataka ngozi ishike kwelikweli. Basi akaiacha kwenye chumba kikavu kupita kipimo, maana ngozi ikikauka hushika kioo zaidi. Kumbe ikishika kupita kiasi inakosa nafasi ya kuvutika tufe linapotua, inachanika palepale penye ufa. Ikishika kidogo nayo, vipande vinaruka. Nikamuuliza, sasa ishike vipi?

"Kama unavyomshika huyu akijifunza kutembea," akasema. "Ukimwachia ataanguka, ukimkaza utamtegua bega. Mimi nilimkaza."

Msimamizi alimpa nafasi moja tu nyingine. Siku zile chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni nusu sahani. Mume wangu akamwambia asijitese, hata akirudi kwenye ndoo bado ni mama yake.

"Hilo nalijua, mwanangu. Ninachotaka kujua ni kama kazi naiweza."

 Nikamwongezea mchuzi.

Nilikwenda tena siku ya pili ya kupima. Safari hii hata Domo alikuwa ameegemea ufagio kama mtu aliyefiwa. Tufe likaachiwa. Kioo kikalia, nyufa zikakimbia kutoka katikati mpaka kingoni, kikabonyea kama godoro la zamani. Tufe likatulia pale kwenye bonde lake. Halikwenda popote. Sakafuni hapakuwa na kitu cha kufagia.

Msimamizi akavaa glavu, akachutama, akapitisha kiganja chini ya kioo polepole, akitafuta mpasuko. Ngozi ilikuwa imefura kama tumbo la mjamzito, lakini haikuchanika. Akasimama.

"Haya, mama, madirisha yaliyobaki unamaliza lini?"

"Ukiniondolea hawa watazamaji, mapema tu."

Mama akaingia chumba chake cha ngozi, akafunga mlango. Hata kutuangalia hakutuangalia.

Mlinzi alikuwa ameshaanza kunisimulia habari za mvua. Nikamkatiza, nikamwambia yule aliyeingia pale ni mama mkwe wangu. Akasema anajua, kwani si yeye anayemfungulia geti kila asubuhi miaka yote hii?

Nikamwambia tena.