Sweta la Buluu Bondeni Lambwe

Mwanamume aliyetaka kunioa alinialika nikatazame mbayuwayu, asubuhi ya Jumapili moja ya Julai, katika mbuga ya Ruma. Wenzangu walikuwa wakialikwa soda na chapati. Mimi nilialikwa baridi.

Wakati huo, miaka ya tisini, nilikuwa nauza nguo za mitumba sokoni Migori. Mimi ni Mkuria, yeye Mjaluo, mwalimu wa shule ya msingi huko Magunga, karibu na mbuga. Aliyetuunganisha ni shangazi yake, ambaye alikuwa anauza dagaa wa omena jirani na kibanda changu. Kwao mtu anayeunganisha wachumba huitwa jagam: ndiye anayemsifu mwanamume kwa msichana, na ndiye anayerudisha jibu. Alikuwa amemsifu mpaka maneno yakamwishia. Hanywi, Jumamosi hakosi kanisani, ugomvi hana. Sasa alitaka jibu langu Jumapili hiyo hiyo, kabla hatujarudi Migori.

"Huyu kijana hana shida," aliniambia. "Shida yake ni ndege tu."

Hilo ndilo lililonifanya niende. Walevi nawajua, wapenda wanawake nawajua, lakini mtu mzima anayeamka gizani kwenda kutazama ndege asiyeliwa, huyo nilikuwa sijamwona. Nilitaka kujua ana nini kichwani kabla sijakubali kuishi naye.

Nilivaa sweta zito la buluu, nililoliweka kando siku nilipofungua robota na kukataa kuliuza. Tulilala Magunga kwa jamaa zao, na alfajiri tukaenda mbugani. Askari wa langoni alituruhusu kufika kwenye mwinuko ulio karibu, si zaidi, kwa ajili ya nyati. Bonde lote la Lambwe lilikuwa limejaa ukungu, na nyasi zilinilowesha hadi magotini. Shangazi, aliyejifunga leso mbili, alinung'unika kwamba mbayuwayu wamejaa hata pale stendi ya Migori, na kule mtu anawatazama akinywa chai.

"Huyu si wa stendi, waya," mwalimu akamwambia. Waya ni shangazi kwa lugha yao. "Huyu ni buluu mwili mzima, mkia yake ni kama nyuzi mbili. Anatoka kusini huko, anatoroka baridi."

"Akaja kwa hii baridi yenu?" nikauliza.

Akacheka. Kisha akasema polepole kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumwona. Kila mwaka tangu aanze kufundisha huko amekuja kumtafuta, na kila mwaka amerudi bure. Nikamwangalia upya. Nilidhani amenileta anionyeshe kitu anachokijua. Kumbe alitaka tukione pamoja kwa mara ya kwanza. Sikujua kama huo ni upendo au ni wazimu.

Jua lilipoanza kupasha joto, mbung'o wakaamka nalo. Wa kwanza aliniuma begani kupitia sweta, wa pili shingoni. Punde wakawa wananizunguka mimi tu, shangazi hawamgusi. Mwalimu akalitazama sweta langu, akashika kichwa.

"Pole sana, ningekuambia mapema. Hawa wanapenda rangi ya buluu. Hata mitego yao inashonwa na kitambaa ya buluu."

Nikasema turudi. Yeye akavua koti lake la kahawia, akanipa, akaniomba sweta. Lilimbana, mikono ikaishia karibu na viwiko. Akashuka hadi barabara iliyo chini ya mwinuko, akaanza kutembea huku na huku, na mbung'o wakamfuata. Nilimwona akijipiga shavuni, shingoni, mgongoni.

"Anafanya nini?" nikamuuliza shangazi.

"Anachunga hao mbung'o, wasikuje kwako." Hata yeye alikuwa ameacha kunung'unika.

Ndipo mbayuwayu akapita, juu kidogo tu ya nyasi. Nilidhani ni mweusi, mpaka alipogeuka juani nikaiona buluu yake, na zile nyuzi mbili nyuma. Akarudi, akapita tena mbele yangu, akaingia kwenye ukungu. Nilipofungua mdomo kuita, tayari hayupo. Kule chini mwalimu alikuwa ametugeuzia mgongo, anajipiga makofi.

Alipanda akiwa amevimba shavu moja. "Umemwona?"

Ningeweza kusema hapana, na asingejua. Nilisema ndiyo. Uchungu ulimpita usoni, niliuona kabisa. Kisha akaketi kwenye nyasi zenye umande, akakunja miguu.

"Niambie," akasema. "Anza na mkia."

Nikamwambia. Akauliza mabawa aliyapigaje, koo lilikuwa na rangi gani, alipogeuka aligeukia upande gani, na kila nilipojibu alitabasamu kana kwamba anamwona. Nilimpenda pale pale, sweta limembana na mbung'o mmoja bado yuko mgongoni.

Shangazi, aliyekuwa ameketi kando, akainuka, akakung'uta leso zake. "Jua imepanda. Na mimi nitarudisha jibu gani?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Sijamaliza kumweleza."

Akatutazama sote wawili, akaketi tena.