Daktari alisema "unakula sukari", mdogo wangu akanyimwa uji mtamu mpaka anakufa

Wakuu, amani kwenu.

Wengi humu tungekutana nyumbani mngeniamkia shikamoo, lakini jukwaani sote ni wakuu, twende sawa. Haya niliyaona kwa macho yangu. Sitii chumvi, kwa umri huu chumvi yenyewe nimekatazwa.

Kuna mkuu jana kaleta uzi kwamba mgonjwa wa kansa anyimwe kila kitu kitamu ili "uvimbe ufe njaa". Komenti zote ni za pongezi. Roho iliniuma sana.

Mimi ni mzaliwa wa Narung'ombe, Ruangwa. Nazungumzia miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, yale mashamba makubwa ya karanga ya Nachingwea yameshawashinda Wazungu. Baba alikuwa amefariki. Nyumbani tulibaki mama, mimi na mdogo wangu wa kike, Somoe.

Somoe alianza kuvimba taya.

Mama akadhani ni jino tu, maana mtoto alikuwa kwenye umri wa kung'oka meno. Meno yaling'oka kweli, lakini taya likazidi kukua mpaka jicho likasukumwa juu. Mwili unakonda, uso unajaa upande mmoja.

Kutafuna akawa hawezi. Mama akauza ufuta Ruangwa, akanunua sukari dukani kwa Mhindi. Enzi hizo kwetu sukari ilikuwa ya wageni na ya Idi. Somoe akawa anapikiwa uji wa mtama wenye sukari kila siku, na alikuwa anaumaliza. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinapita.

Tukasikia Nachingwea kuna daktari Mzungu. Tukaenda kwa miguu, Somoe mgongoni kwa mama, tukalala njiani, Lionja, kwa ndugu zake mama.

Hapa niseme kitu. Mama alikuwa mtu wa Kimwera. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ufuta: bei, kipimo, punguza, haya asante.

Daktari akampima Somoe, akaongea Kiingereza kirefu. Msaidizi wake, dresa kama tulivyowaita, akatafsiri kifupi. Alikuwa kamshika Somoe kidevu, anamtazama usoni.

"Uvimbe huu hatuna dawa yake, mama. Unakula sukari. Unamaliza mwili wote."

Mama akajibu, "Nampa miye, bwana. Kwenye uji."

Dresa akatikisa kichwa, akaita mgonjwa mwingine. Watu walikuwa wengi mlangoni.

Wakuu, mmeliona tatizo? Dresa alikuwa anausema uvimbe. Uvimbe unakula sukari. Mama akasikia anaambiwa mtoto: wewe, unakula sukari, ndiyo inayokumaliza. Kwa Kiswahili ni "unakula" ile ile. Hata mimi niliyekuwa nimeanza shule nilisikia kama mama.

Mama akambeba Somoe mgongoni, tukarudi nyumbani.

Tulipofika aligawa sukari yote kwa majirani, akalisugua kopo lake kwa majivu. Muwa ukapigwa marufuku. Papai, ndizi mbivu, asali, vyote marufuku. Uji ukawa hauna sukari kabisa.

Somoe akaukataa.

"Mama, tia sukari."

"Inakuua, mwanangu."

"Kidogo tu, mama."

Mama alitoka nje akalia nyuma ya jiko, kisha akarudi na uji ule ule. Mara nyingine nilimkuta Somoe kaingiza mkono kwenye lile kopo, anazunguka nao ndani, halafu analamba vidole. Hamkuwa na kitu.

Alifariki asubuhi moja wakati wa kuvuna ufuta, mwepesi hata jirani mmoja aliweza kumbeba mikononi peke yake. Inna lillahi.

Turuke miaka mingi. Juzijuzi mimi mwenyewe nimetoka tezi shingoni, nikapelekwa hospitali Dar. Kwenye vipimo vya damu nikaona herufi LDH. Nikamuuliza daktari, binti mdogo tu, hiki ni nini?

Akaniambia: babu, hicho ni kimeng'enya. Kipo kwa kila mtu, kinafanya kazi mwisho wa safari ya kuvunja sukari mwilini. Seli nzima zikiwa na hewa huichoma sukari mpaka mwisho, kidogo inatosha. Seli nyingi za kansa huivunja haraka haraka na kuishia njiani, na hicho kimeng'enya kinageuza mabaki kuwa asidi ili kazi isisimame. Nikawaza mtu anayechoma mzigo mzima wa kuni kwa chungu kimoja. Kwa hiyo uvimbe unataka sukari nyingi, usiku na mchana.

(Msiogope mkiona LDH imepanda. Ini, moyo, damu kuvunjika, vyote vinaweza kuipandisha. Mwulizeni daktari.)

Nikauliza, sasa mtu akiacha sukari?

"Babu, hata asipokula, ini linatengeneza sukari kutoka kwenye nyama ya mwili wake mwenyewe. Uvimbe unapata. Anayekosa ni mgonjwa."

Nikamsimulia Somoe. Akasema inaelekea ilikuwa kansa ya taya ya watoto, siku hizi wengi wanapona kwa dawa. Zamani zile asingepona, na sukari au bila sukari.

Bila sukari, wakuu. Tulimnyima bure.

Funzo langu ni hili: kabla hujamwondolea mgonjwa chakula kinachopita kooni kwake, muulize anayemtibu. Na ukiambiwa jambo hospitali, uliza tena, nani anakula nini. Usione aibu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuonja sukari tena mpaka anaingia kaburini. Hata harusini chai alikunywa bila sukari. Watu walimsifu kwa kujitunza. Mimi aliniambia mara moja tu: "Nilimuua mwanangu kwa mkono huu, nikimkorogea sukari."

Angekuwa hai leo ningeweza kumwambia sukari yake haikuua mtu. Lakini papo hapo angejua alimnyima mtoto anayekufa kitu pekee alichokiomba, na kwamba haikusaidia chochote.

Nyie mngemwambia? Nijibuni, mimi nimeshindwa.