Kipa wa Akiba

"Mjomba, siku ile ya penalti, moyoni ulitaka Sumaku adake au afungwe?"

Nilikuwa darasa la pili nilipomuuliza hivyo karakanani kwake, mbele ya wateja. Mdomo wake ulikuwa umejaa misumari midogo ya kupigilia vitambaa, na hakujibu. Mwenye misumari mdomoni ana haki ya kunyamaza, kwa hiyo nikaona sawa.

Mjomba ni fundi makochi. Hulivua kochi kitambaa kikuukuu, akabadilisha mikanda na sponji, akalivalisha upya mpaka mwenyewe akalipita bila kulitambua. Lakini mtaani hawamwiti fundi. Wanamwita Akiba, kwa sababu ujanani alikuwa kipa wa pili wa timu ya taifa ya vijana, ile iliyokwenda fainali za bara ikarudi na nafasi ya tatu. Kabla yao hatukuwahi kufuzu. Baada yao tumekuwa tukitolewa mapema, na kila tukitolewa watangazaji wanawakumbuka wao. Medali mjomba anayo. Dakika za uwanjani hana hata moja.

"Akiba haiozi," wateja humtania.

"Huoza," huwajibu, "ila kimyakimya."

Kisa chenyewe alinisimulia mama, ambaye ni dada yake. Ilikuwa mechi ya kumtafuta mshindi wa tatu, sare, muda wa nyongeza unayoyoma. Kocha akataka mjomba aingie kwa ajili ya penalti, maana mazoezini alikuwa hafungiki. Mjomba akasimama pembeni na gluvu zake, kibao cha kubadilisha wachezaji kikainuliwa. Ila mchezaji haingii mpaka mpira usimame, na mpira ulikuwa miguuni mwa kipa wa kwanza, Sumaku. Sumaku alikiona kibao. Akampa beki wa kushoto, beki akamrudishia, akampa wa kulia, naye akamrudishia, taratibu kama watu wanaopunga upepo, mpaka refa akapuliza. Mpira haukutoka nje. Kisha Sumaku akadaka penalti mbili, akabebwa mabegani.

Tangu hapo mjomba hana raha na mtu huyo. Sumaku alipofungua duka la vifaa vya michezo, mjomba akaanza kupita mtaa wa nyuma, ingawa duka liko njiani kwake. Akisikia Sumaku amenenepa, siku yake inakuwa nzuri. Akisikia amepungua, chakula hakishuki.

Mwaka huu kochi la Sumaku likabonyea, na fundi wa kulitengeneza vizuri ni mmoja tu. Lilipokwisha, Sumaku alikuja kulichukua mwenyewe mchana ambao vijana wetu, baada ya miaka yote hiyo, walikuwa wanacheza nusu fainali. Televisheni ya karakanani ilikuwa inawaka.

"Akiba, nikae niangalie kidogo?"

"Kochi ni lako."

Wakakaa, mmoja ncha hii na mwingine ile, mimi kwenye stuli nikijifanya nasoma. Watoto wale wakishinda, wanakwenda fainali, na ile nafasi ya tatu haitatajwa tena. Nilidhani wazee wangu watashangilia tu kama watu wengine. Tulipokosa bao la wazi, Sumaku akashusha pumzi ya raha. Mjomba akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Ikawa sare. Mwishoni kibao kikainuliwa: kipa wa pili aingie. Kipa wa kwanza akaubutua mpira nje yeye mwenyewe, akakimbia pembeni, akamkumbatia mwenzake.



"Watoto wa siku hizi hawana wivu," Sumaku akasema.

"Wanao. Wana adabu tu."

Sumaku akainamia viatu vyake. Yule kipa aliyeingia akadaka penalti ya kwanza, akadaka na ya nne, tukaenda fainali. Mtaa mzima ulipiga kelele. Kwenye kochi hakuna aliyeinuka.

"Basi tena, Akiba," Sumaku akasema. "Hatuna kitu."

"Wewe ndiye huna. Mimi nimeshazoea."

Wakacheka, kicheko kikavu, wakasaidiana kulipakia kochi kwenye gari. Mikono hawakupeana. Gari lilipokata kona, mjomba akarudi ndani, akaanza kuokota vipande vya sponji sakafuni. Nikamuuliza tena swali langu la darasa la pili, neno kwa neno.

Safari hii akajibu.

"Nilitaka tushinde, mama. Kufungwa sikutuombea, Mungu ananiona. Ila nilitaka afungwe moja, moja tu, ambayo mimi ningeidaka. Na akafungwa. Ile ya tatu, mpigaji alishaonyesha kwa kiuno kwamba anapiga kulia, Sumaku akaruka kushoto. Nikajifunika taulo usoni, nikacheka mpaka mabega yakatikisika. Kocha akanipapasa mgongoni, akaniambia nisilie."