Moto Uliokula Udongo

Sikumaliza darasa la tano, na sioni haya kusema. Ukipita barabara ya Khayega leo ukaona nyumba za matofali mekundu zisizo na ufa, ujue mkono wangu umepita hapo. Wenzangu waliosoma hadi mwisho walikuja kununua kwangu. Lakini kilichonitoa kwa umaskini si mkono peke yake. Ni maji, na maji yalitoka kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya boma letu.

Miaka hiyo ya tisini watu walikiita ardhi ya bure, isiyofaa kitu. Mimi sikukiita hivyo. Udongo wake ulikuwa mweusi, mwepesi, umejaa mizizi iliyooza nusu. Ukiukamua mkononi maji yanachuruzika kama kwenye nguo ya kufuliwa. Januari, visima vya huko juu vikikauka, chemchemi yetu ilitiririka tu, na mimi nikaendelea kukanyaga udongo wa matofali huku washindani wangu wakingoja mvua. Akina mama walikata mafunjo upande mmoja mwaka huu, upande wa pili mwaka ujao, wakasuka mikeka. Pembeni kulikuwa na nduma, yaani magimbi. Udongo wa kazi yangu niliuchimba juu kwenye mteremko, kwa sababu ule mweusi nilishaujaribu: tofali liliingia tanurini zito, likatoka jepesi kama mkate, limetoboka-toboka. Lilikuwa limejichoma lenyewe kwa ndani. Nikalitupa, lakini sikulisahau. Mimi sisahau kitu.

Jirani yetu alirudi kutoka mjini wakati ule watu wengi walipopunguzwa kazini. Alirudi na mke, watoto wa shule na koti moja la suti, ambalo alilivaa hata akilima. Upande wake wa kinamasi akachimba mtaro hadi mtoni, maji yakaondoka, akapanda kabichi.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hayo maji unayofukuza ni yetu sote."

"Maji ni ya mto," akanijibu akicheka. "Wewe endelea kupika matope yako, fundi."

Na kabichi zilikubali! Msimu wa kwanza zilikuwa kama vichwa vya mafahali wa kupigana. Hata mimi nilizisifu, na kwangu kumsifu mwingine si kazi rahisi. Ila nguzo za ua wake zilizidi kuwa ndefu. Kumbe ni ardhi iliyokuwa inashuka.

Kiangazi cha pili mama yangu akashuka kinamasini, kando ya zile kabichi, kuchoma matete makavu. Kwetu majivu ya matete huchujwa kwa maji, yakatoa musherekha, ile chumvi ya kienyeji inayolainisha mboga kama mrenda na likhubi. Kila mwanamke wa kijiji amewahi kuchoma hapo, na hakuna aliyewahi kubeba maji ya kuzimia moto. Kinamasi chenyewe kiliuzima. Mama akachoma, akangoja majivu yapoe, akayakusanya, akaenda zake.

Siku chache baadaye moshi ukaanza kutoka ardhini katikati ya kabichi, bila mwali hata mmoja. Jirani na mkewe walimwaga ndoo baada ya ndoo. Moshi ukanyamaza hapa, ukatokea pale. Nilipofika alikuwa ameinamia kabichi moja iliyonyauka. Akaivuta, ikaja bila kushikwa na chochote. Mizizi ilikuwa imekwisha kuwa majivu.

Mama alisimama pembeni, leso mdomoni.

"Kukhu," jirani akamwambia, kwa heshima tunayompa bibi, kabichi bado mkononi, "hii ilikuwa karo ya shule. Umenichomea watoto."

"Mwanangu, hapa nachomanga tangu niolewe," mama akasema. "Moto yangu inakufanga hapo kwa maji. Sasa maji ilienda wapi?"

Mzee mmoja akasema ni mashetani, aitwe mchungaji.

"Basi aje na jembe," nikasema. "Huu si moto wa majani. Hili ni tanuri, na udongo wenyewe ndio kuni. Ukimwagia maji juu unaupapasa tu. Utatambaa chini kwa chini hadi chemchemi, kisha hadi mlangoni kwako."

"Tufanye nini, profesa wa matope?" jirani akauliza.

"Tuzibe mtaro. Maji yarudi."

Akaangalia shamba. Zaidi ya nusu ya kabichi zilikuwa bado kijani, hazijafunga vizuri. "Na hizi?"

Nikazitazama na mimi. Karo ilikuwa yake, na maji ya matofali yalikuwa yangu. Ni rahisi kuwa na akili juu ya shamba la mwenzako.

Mama ndiye aliyejifunga leso kiunoni. "Tuvune," akasema. "Iliyokomaa na isiyokomaa." Akaingia, akipimapima ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Wanawake wakamfuata, nasi wanaume tukaona aibu, tukafuata. Kabichi nzuri zilienda sokoni Khayega. Zile ndogo kama ngumi tulizinunua sisi majirani kwa bei ya kubwa. Gunia zima lilikuwa langu, na ninajisifu kwa hilo hadi leo. Wafanyakazi wangu walikula kabichi mpaka wakatishia kugoma.

Jioni jirani akavua lile koti, akaingia mtaroni, akaweka gunia la kwanza la udongo kwa mikono yake. Mimi nikaleta mkokoteni wa matofali yaliyovunjika, na yangu yaliyovunjika ni imara kuliko mazima ya wengine. Maji yalirudi polepole, ardhi ikichemka kama sufuria. Moshi ulikwisha kabisa mvua za masika ziliponyesha.

Jirani akapanda nduma, zinazopenda maji. Nduma huchelewa kukomaa, na mwaka ule mtoto wake mmoja alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Mama alijua. Hakushuka tena kinamasini. Mboga akazipika kwa magadi ya dukani, na hakuna aliyezisifu.

Hadi kiangazi kilichofuata, jirani alipokuja mlangoni kwetu. "Kukhu, matete yamekauka. Shuka uchome."

"Nikuchomee watoto tena?"

"Shuka tuone pamoja."

Nikawafuata. Ukingoni mama akavua ndala, akakanyaga ule udongo mweusi kwa kisigino, akaegemeza uzito wote. Maji yakapanda katikati ya vidole vyake. Akasimama hapo kidogo akiyatazama. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, na jirani akampa kiberiti.