Karafuu Kabla ya Mawese

Kwa miaka kumi na tisa Assia amefanya kazi moja: kuonja mafuta ya mawese bandarini Bujumbura. Boti ikifika kutoka Congo, anachovya kijiti ndani ya kila bidoni, yaani dumu la mafuta, anagusisha ulimi, anatema. Akisema mafuta ni mazuri, wachuuzi wa soko wananunua bila kuuliza.

Mwezi wa tatu alipitisha mara mbili mafuta ya Namegabe, muuzaji wa Uvira. Mara zote mbili bidoni zilirudishwa, mafuta yamechacha.

"Ulimi umezeeka, mama," alisema Huguette, mchuuzi mkubwa anayenunua kwa neno lake.

"Ama umenunuliwa," mwingine akadakia, watu wakacheka.

Huguette hakucheka. Alisema ikitokea tena atatafuta muonjaji mwingine.

Tangu hapo Assia akashuku kila kitu. Alishuku kijiti, akakitupa. Alishuku wapakuaji wanabadilisha bidoni, akaanza kuzitia alama ya chaki. Hata mimi, karani ninayeandika hesabu ya bidoni anazopitisha, aliniomba aone daftari langu. Nyumbani alionja chumvi, ndimu, maziwa yaliyolala. Ulimi ulijibu vizuri.

Kisha jino likamuuma. Famasi walimpa kichupa cha mafuta ya karafuu chenye maandishi ya Kiingereza. Akaweka kidole kwenye neno lililoandikwa kwa herufi nene: *numb*.

"Hili linasema nini?"

"Kutia ganzi," dada wa famasi akamjibu. "Pale unapopaka, hausikii tena."

"Hausikii maumivu?"

"Hausikii kitu, mama. Dawa haichagui. Hata ladha inapotea."

Assia akakumbuka kiganja cha Namegabe. Kila boti yake ikifika, kabla Assia hajaonja, Namegabe alimpa karafuu za kutafuna, ati za kusafisha mdomo.

Jumanne kiganja kilinyooshwa tena, karafuu sita juu yake.

"Karibu, mama yangu."

"Leo apana. Tafuna we."

"Unanikatalia? Mama aliyenizaa ndiye alinizoesha hizi!"

"Mi sikatai. Nitatafuna tukimaliza."

Bidoni ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu aliitema mbali, na ya nne pia. Huguette akaonja mwenyewe, akakunja uso. Bidoni kumi na moja zilibaki botini.

Namegabe aliapa hakujua. Huenda ni kweli. Yeye mwenyewe hutafuna karafuu kutwa. Huguette hajatafuta muonjaji mwingine. Lakini Assia sasa huja na maji yake ya kusukutua, na jana nilipompa kipande cha muwa alikigeuza mara mbili, akakinusa, akanirudishia.