Mpiga Mishale Akae Nyuma

Hadidja, muuza samaki wakavu wa Lokandu katika soko la mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, hakumwonea wivu mke mwenzake kwa nguo, wala kwa nyumba, wala kwa zile siku tatu tatu ambazo mume wao aliwagawia bila kupunja. Alimwonea wivu kwa sababu ya mchezo. Watu wakisikia hivyo hucheka, na wacheke tu. Wivu haumbishii mtu hodi kabla ya kuingia.

Mume mwenyewe ni Mbaraka, fundi cherehani wa miaka hamsini kasoro, mwenye pini nyingi kifuani kuliko maneno kinywani. Na mchezo umo ndani ya kimashine cha kushika mikononi, kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko chake cha betri kilipotea zamani. Kioo chake hakina taa. Ukitaka kukiona vizuri lazima ukae barazani mchana, jua likikupiga begani. Humo unapewa jeshi la watu wadogo kwenye uwanja wa miraba: wenye panga, wenye farasi, mganga mmoja, na mnyama mmoja wa mabawa atemaye moto. Unawasogeza mmoja mmoja. Ukimaliza, unamwachia adui naye asogeze wake. Haraka hakuna. Ila anayekufa amekufa, na hata ukishinda vita yeye harudi.

Kimashine hicho kiliingia nyumbani kwao mwaka 2002, kabla mji haujazingirwa. Ayoubu, kaka yake Hadidja, kijana asiyejua kununa, alikuwa akipakua mizigo kwenye uwanja wa ndege. Rubani mmoja wa kigeni alimpa kwa kubadilishana na kasuku aliyefundishwa matusi ya kila aina. Rubani aliondoka amefurahi sana, akidhani ndege anamsalimia.

Kisha wanamgambo wa Mai-Mai wakauzunguka mji, askari wakabaki ndani, na raia wakabaki katikati kama kawaida yao. Chumvi ikaisha, sabuni ikaisha, mashamba yakawa mbali ingawa ukipanda juu kidogo uliyaona. Hadidja alikuwa na miaka kumi na tisa na ndoa ya miezi michache. Wakajifungia uani yeye, mume, mama yake na Ayoubu, na kazi pekee iliyowazuia wasiisikilize njaa ilikuwa ule mchezo. Betri walizitoa kwenye redio ya marehemu baba, wakazianika juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Maandishi ya mle ndani yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakuna aliyekijua. Basi wakawapa askari majina yao wenyewe. Mganga akawa Mama Odile, muuguzi wa mtaani. Mnyama wa mabawa akaitwa Antonov, kama zile ndege za mizigo. Mzee wa ndevu nyeupe aliyetokea mara kwa mara wakasema huyu ni imamu, wakawa wananyamaza kwa heshima kila akitokea. Na mpiga mishale wa kijani, aliyerusha mshale akakimbia, akawa Ayoubu.

Wanaume wa uani walikuwa wakitoka mjini kwa zamu kutafuta mihogo, mmoja mmoja, kupitia majani marefu nyuma ya reli. Asubuhi moja Ayoubu akatoka. Hakurudi, na hata mwili wake hawakuuona. Walimsomea dua bila kaburi.

Tangu hapo Hadidja aliweka amri moja kuhusu mchezo ule: mpiga mishale akae nyuma. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, Nuru wao mkubwa akaolewa, vita vingine vikaja na kwenda, na amri ile ikakaa. Kwa kuwa hawakuweza kusoma, hawakujua mchezo unataka waende wapi. Walizunguka tu katika nchi zilezile wakipigana vita vidogovidogo, miaka ishirini, Ayoubu akiwa salama mraba wa mwisho. Hadidja hakuona ubaya wowote. Kwake ilikuwa njia ya kumpikia kaka yake kila siku.

Halafu Mbaraka akamwoa Latifa.

Latifa alitoka Kampene, mjane wa miaka thelathini, mwalimu wa shule ya msingi. Hadidja aliikubali ndoa ile kwa mdomo, moyo haukuulizwa. Wangeelewana pengine, maana Latifa alikuwa na adabu, kama asingekuwa na lile balaa moja: alijua kusoma Kiingereza. Mwezi wa kwanza tu Mbaraka akarudi kutoka kwake akicheka, akasema, "Mama Nuru, wajua? Ule muzee wa ndevu si imamu. Njo yeye adui mwenyewe."

Hadidja hakucheka. Alijisikia kama mwanamke aliyeingia jikoni kwake akakuta vyombo vyote vimehamishwa. Na kuanzia hapo jeshi likaanza kwenda mbele. Kila zamu ya Latifa ikiisha, nchi mpya ilikuwa imefunguka. Wake wengine hupekua mifuko ya shati. Hadidja alingoja Mbaraka aende kusali alasiri, akawasha kimashine kuona wale wawili wamefika wapi. Aliona daraja walilovuka pamoja, mlima walioupanda pamoja, na roho ikamwuma kweli. Wivu ni kidonda, na yeye alikuwa akikikwaruza kila zamu yake ilipoanza.

Alijifariji kwa jambo moja tu. Latifa angesoma kila kilichoandikwa, lakini yale majina hayakuandikwa popote. Yalikuwa vinywani mwa watu wanne, na wawili, mama na Ayoubu, wamekufa. Yale, alijiambia, Mbaraka hawezi kuyapeleka kule.

Ikawa Alhamisi moja ya mwaka huu. Mbaraka akatoka kwa Latifa, akala kidogo, akaweka kimashine juu ya mkeka, akaenda msikitini. Hadidja akakiwasha. Aliona ngome kubwa yenye bendera, ambayo hakuwahi kuiona. Akafungua orodha ya askari. Mama Odile yupo. Antonov yupo. Akahesabu tena kutoka chini. Akahesabu mara ya tatu kwa kidole. Mpiga mishale hayupo.

Kwa desturi yao, mke aliye katika zamu yake hakanyagi ua wa mwenzake; mkiwa na neno, mnatuma mtu. Miaka mitatu Hadidja hakuwahi kuivunja desturi hiyo. Siku ile alifunga kikwembe chake kiunoni vizuri, akaivunja.

Alimkuta Latifa akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Karibu, Yaya," Latifa alisema, ameshangaa; Yaya ndiyo dada mkubwa, na ndivyo alivyomwita tangu aolewe. "Leo njo siku yako. Kuko nini?"

"Ule wa kijani," Hadidja alisema bila salamu. "Ule mupiga mishale. Nani alimupeleka mbele?"

Latifa akauacha mchi ndani ya kinu. "Ayoubu?"

Jina lile kinywani mwa mwanamke yule, tena limetamkwa kwa upole, kama la mtu wa nyumbani. Alikuwa amekuja kugomba kwa sababu ya kaka yake, na sasa kilichomwuma kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Si mimi, Yaya," Latifa akaendelea. "Mi nilimukatalia. Nilimwambia, kaka ya Yaya anakaa nyuma, sisi wote tunajua. Akasema vita ya mwisho haiishe bila mupiga mishale. Akamutuma avuke muto yeye moja. Kisha akabaki anaangalia kioo, machozi iko inashuka. Nikamwambia, zima, tuanze tena. Akakatala. Akasema, nimemuficha miaka yote hii, na ile siku yenyewe sikumuficha."

"Ile siku gani?"

Latifa akamtazama usoni, na hapo akatambua amesema nini, na kwa nani.

"Muulize Baba Nuru, Yaya."

"Nakuuliza wewe."

Latifa alifuta mikono kwenye kikwembe chake, polepole, kidole baada ya kidole. "Ile siku ya mihogo," alisema, "zamu haikukuwa ya Ayoubu. Ilikuwa ya Baba Nuru. Alikuwa na ile mashini mukononi, vita haijaisha, betri inataka kufa. Akamwambia Ayoubu, enda pahali pangu, kesho nitaenda pahali pako. Ayoubu akacheka, akabeba kitunga."

Ungedhani Hadidja angepiga ukelele. Ungedhani angeuliza habari za kaka yake, alivaa nini, alisema nini akitoka. Hata yeye mwenyewe, baadaye, aliona haya kwamba hakuuliza. Aliuliza hivi:

"Alikuambia lini?"

"Zamani, Yaya. Mwezi wa kwanza wa ndoa."

Hadidja akarudi kwake kwa njia ya reli, watu wakimsalimia na yeye akiitikia. Habari ya Ayoubu, Hadidja alijua anaweza kumsamehe mumewe. Ilikuwa vita, betri zilikuwa zinakufa, vijana wawili walikuwa wajinga kwa namna moja, na Ayoubu angekwenda akicheka kwa zamu ya mtu yeyote. Lakini Hadidja alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu zaidi ya miaka ishirini, amemzalia, wamesoma dua pamoja kila mwaka, na maneno yale hayakutoka. Kwa Latifa yakatoka ndani ya mwezi mmoja.

Mbaraka alikuwa barazani, kimashine kimezimwa mapajani. Alimwona anakotoka, akajua.

"Mama Nuru," alianza.

"Usiombe musamaha bado," Hadidja alisema, akakaa mkekani mbele yake. "Nielezee mimi. Yote. Anzia asubuhi."

Akaeleza. Alieleza asubuhi ilivyokuwa na ukungu, kitunga kilichokuwa na mshikio mmoja, alichosema yeye, alichojibu Ayoubu, mlango ulivyofungwa. Kila neno lilikuja mahali pake. Mbaraka, mtu ambaye hata bei ya suruali humshinda kuitamka, hakusita hata mara moja, wala hakurudi nyuma kusahihisha. Alisimulia kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi.

Hapo ndipo Hadidja alipolia.